Sauti ya Madamu imekauka, na dawa haiko mu tangawizi

Kila mwaka ni vile vile. Masomo inafunguliwa mwezi wa 9, na ikifika katikati ya mwezi wa 10 upite pembeni ya shule yoyote ya msingi hapa Goma, iwe Katoyi, Majengo ao Ndosho, utasikia Madamu wa kalasi ya kwanza anafundisha na sauti yenye nusu inatoka na nusu inabakia mu koo. Benzake banamucheka kidogo, eti jana ulikesha wapi na korali, moja anamuletea tangawizi, direkta anamuambia pole sana Madamu kunywa maji ya moto, na kesho yake asubuhi Madamu ule ule anarudi mbele ya batoto 80 ao zaidi na anaanza tena kupaza, sababu bila kupaza hakuna kazi yenye itafanyika. Noeli inafika, anapumuzika, sauti inarudi, tunasema sawa amepona. Mwezi wa kwanza inaanza upya.

Mi naona tunamutibu mutu wakati mgonjwa mwenyewe ni kalasi.

Tuanze na koo, juu batu bengi banaitolea dawa bila kujua ndani kuko nini. Nyuma ya kile kibonge kinaonekanaka ku shingo ya banaume kuko mikunjo mbili ya nyama laini, njo tunaita kamba za sauti, ni fupi sana, za mwanamuke hazifike ata santimetri 2. Hewa ikitoka mu mapafu inapita katikati yazo, zinafunguka na kufungana, zinagongana, na mu kule kugongana njo sauti inazaliwa. Mwanaume akiongea kawaida zinagongana mara mia na kitu kwa sekunde moja. Mwanamuke karibu mara 200. Mutoto anafika 250, 300, na akipiga makelele inapanda kabisa. Sasa mufanyie Madamu hesabu: mara 200 kwa sekunde, ukikusanya saa moja ya sauti peke yake, fasi za kunyamaza umezitosha, inafika mara 720,000. Na kazi ya siku nzima haiishe na saa moja ya sauti. Hapo tena tumehesabia mutu mwenye anaongea polepole. Akipaza, zinagongana mara mingi zaidi na kwa nguvu zaidi, na kama vile jembe inaotesha sugu ku kiganja, kamba nazo zinaota sugu, vipele vidogo pande zote mbili fasi zinakutanika, banganga banaziitaka nodile. Kamba yenye iko na nodile haifungane muzuri, hewa inavuja, sauti inatoka na mukwaruzo, mwenye sauti anaona habamusikie muzuri basi anasukuma zaidi, na vile anasukuma njo nodile inakomaa.

Utaona hapo kwa nini bamama banaumia kuliko banaume. Kamba zao ni fupi, zinagongana karibu mara mbili zaidi kwa maneno ile ile. Na mu maternelle na kalasi za chini, kwenye batoto bana makelele zaidi, tumeweka nani? Bamama.

Na usifikiri ni mambo ya bamaskini ao ya Congo tu. Mu 2004 batafiti ba Marekani balitoa matokeo ya uchunguzi wa Iowa na Utah, baliuliza bamwalimu zaidi ya 1,200 na batu bengine benye habafundishe nao zaidi ya 1,200. Siku ya kuulizwa bamwalimu 11% balikuwa na shida ya sauti, bale bengine 6.2%. Kama swali ni kama ulishapata shida ya sauti mu maisha yako, bamwalimu 57.7%, bengine 28.8%. Ni mara mbili. Na kule ni kalasi zenye plafo (dari), madirisha ya vioo, na batoto kidogo kuliko hapa. Poland beko mbele kabisa mu hii mambo, kule sauti ya mwalimu yenye iliharibika iko ku liste ya magonjwa ya kazi, ukishatumika kazi ya kuongea kwa nguvu kwa miaka 15 na banganga baone nodile ao shida ingine ya kamba, serikali inakutambua sawa vile inatambua mutu wa mungoti mwenye mapafu yameharibika. Hapa kwetu sauti ikikauka ni wewe na koo yako.

Sasa kalasi. Mu 1911 kule Paris munganga moja wa masikio, jina Étienne Lombard, aliandika kitu chenye kila mwalimu wa Goma anaishi nacho kila asubuhi. Alikuwa anaongea na mugonjwa, anamutia makelele mu sikio, na palepale mugonjwa anapandisha sauti, akikata makelele sauti inashuka, na mugonjwa mwenyewe hajue kama alipandisha. Mwili unafanya yenyewe. Hautaamua, hautasikia, unajikuta tu unapaza. Chukua ile mambo uitie mu kalasi ya batoto 90: batoto kumi banaongea chinichini, Madamu anapanda kidogo bila kujua, batoto nao banapanda kidogo juu basikilizane na benzao, Madamu anapanda tena, na ukitoka pale dakika 20 kila mutu iko analalamika juu ya makelele na hakuna mwenye aliyaanzisha. Sisi tunaitaka ile kukosa nidhamu. Direkta anaingia na fimbo ku mukono. Lakini pale ata bataalamu ungebaweka ku benchi bangepaza vile vile.

Na pembeni ya ukuta kuko kalasi ingine inafanya hivyo hivyo, na ukuta wenyewe ni mbao.

Hapa lazima niseme juu ya Goma kidogo maana si kila muji iko na hii shida kwa ginsi yetu. Tunajenga juu ya mawe ya volkano. Lava ya mwezi wa kwanza 2002 ilikata katikati ya muji, ya tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021 ilishuka tena ku pande ya Buhene, na kila mara batu banajenga tena na kile kinapatikana haraka, mbao na mabati. Shule nazo. Mbao nyembamba inaachilia sauti ipite yote, kalasi ya tatu inasoma tabulo ya mara na kalasi ya ine iko inasikia vizuri kuliko maneno ya mwalimu wao. Shule zenye zilipata pesa ya kujenga na simenti na matofali ziko na shida ya kinyume: ukuta muplat, pavima ya simenti, hakuna plafo, sauti inagonga hapa inagonga pale, neno moja inabakia mu hewa wakati neno ya pili imeshaingia. OMS, shirika ya afya ya dunia, mu 1999 ilipendekeza makelele ya kalasi tupu isipite desibeli 35 (desibeli njo kipimo ya nguvu ya sauti) na mwangwi uishe mu sekunde 0.6. Mi sijaona kalasi ya namna ile hapa, ata za bale benye banalipisha dola mingi.

Hesabu ingine, juu napenda hesabu kuliko pole. Mutu akiongea kawaida, ukiwa metre moja mbele yake unapata desibeli karibu 60. Kila mara umbali unajizidisha mara mbili zinapunguka karibu 6: ku metre 2 ni 54, ku metre 4 ni 48, ku metre 8, kule kwenye bale ba nyuma beko, ni 42. Mutoto ili asikie muzuri maneno anaomba sauti ya mwalimu ipite makelele kwa desibeli 15 hivi. Tuseme kalasi yenye imejaa iko na makelele ya 60, na hapo ninaipunguzia kwa upendo. Kwa mutoto wa nyuma inaomba 75 ku sikio yake, maana ku metre moja mbele ya Madamu ifike 93. Ni sawa, kuta zinarudisha sauti kidogo na hesabu ya kweli ni ndogo kidogo kuliko ile, lakini umeona tunaelekea wapi: tunaomba mama mwenye uzito wa kilo 55 apige kelele kutoka saa mbili ya asubuhi mupaka saa sita na nusu, na shule zenye ziko na zamu mbili kuna wenye banabakia ata mangaribi.

Na bado mvua haijanyesha. Mvua ya Goma ya mwezi wa 10 na wa 11 ku mabati bila plafo, hapo hakuna sauti ya binadamu yenye inaweza. Kila mutu mwenye alisoma hapa anakumbuka, mwalimu anafungua mudomo unaona tu midomo inatembea. Benye akili banaacha, banaandika kazi ku tablo. Benye banaogopa inspekta banaendelea kupaza.

Niseme na juu ya gratwite, maana bengine bataniambia natafuta kulaumu. Hapana. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema shule ya msingi ya serikali ni ya lazima na ni ya bure, na mwezi wa 9 mwaka 2019 njo ilianza kufanyika kweli. Batoto benye balikuwa banauza karanga ku barabara baliingia shuleni, ni jambo kubwa, na mi nasema asante. Lakini balileta batoto bila kuleta kalasi. Benchi ya batatu ikakuwa ya batano. Nyuma vita ikaleta bingine: kutoka 2022 bakimbizi balijaa Kanyaruchinya, Bulengo, mu shule na mu makanisa, masomo mingi balilala ndani batu, mabenchi zikachomwa moto ya kupikia (na nani atabalaumu, batoto balikuwa na njaa), na kiisha mwezi wa kwanza 2025 vita iliingia mu Goma yenyewe, ile kila mutu anaijua. Kalasi zenye zilibakia zilibeba batoto ba zenye hazikubakia. Ku kila mugogoro batu banahesabu mabati yenye iliibiwa na mabenchi, hakuna mwenye anahesabu koo.

Na mwalimu hawezi kupumuzika. Munganga akimuandikia siku saba bila kuongea, nani atashika batoto 90? Mwenzake wa pembeni iko na 85 yake. Kama ni NP, bale benye serikali haibalipe bado, anaishi na kidogo chenye anapewa na akikosa kazi hakuna kitu. Saa kumi iko na batoto ba kufundisha nyumbani kwa batu, juma posho repetisyo ya korali, juma mungu anaimba mara mbili. Namujua bamama bengi ba hivyo na sitabaambia baache korali, juu ya nani anataka kumutosha mutu fasi moja tu yenye anaimbaka kwa furaha.

Tena kuko kitu chenye naona ni cha kwetu kabisa na hatupende kukisema: tunapimaka kazi ya mwalimu kwa makelele. Direkta anapita mu koridori, kalasi yenye inapiga kelele "a, e, i, o, u" mupaka mabati inatetemeka anasema pale kazi inafanyika. Kalasi yenye imenyamaza, batoto banaandika, anaingiza kichwa kuona kama mwalimu yuko. Inspekta naye akifika banamuonyesha nguvu, batoto bote basimame, baitikie kwa sauti moja. Bazazi ni vile vile, mutoto akirudia nyumbani somo kwa kupiga kelele tunafurahi. Basi mwalimu mwenye akili anaelewa haraka kama kupaza njo kunamulinda. Sikatae kuitikia pamoja, na batoto 90 na vitabu 12 haina njia ingine mingi, na kunasaidia kushika maneno. Lakini kuitikia na kupiga kelele ni vitu viwili, na mutoto anaweza kuitikia na sauti ya kuongea, ni kumuzoeza tu kutoka siku ya kwanza.

Juu batoto nabo bako na koo. Hii njo sehemu yenye tunaisahau. Mutoto wa miaka saba mwenye anapiga kelele mu kalasi, rekreasyo anapiga kelele mu mupira, jioni mu parcelle ya batu ishirini anapiga kelele juu asikilike, nodile inamuota naye, na mbele ya balehe batoto banaume njo banaipataka zaidi kuliko banamuke. Tunaona ile sauti ya mukwaruzo tunacheka, tunamuita Muzee, mu korali ya batoto banamuweka sauti ya chini. Mara mingi haitamuua, vile anakomaa inapunguka yenyewe, na mutoto hapasuliwi nodile bule bule, anafundishwa kuongea tofauti. Lakini si kila sauti ya mukwaruzo ni nodile. Kuko ugonjwa unaitwa papiloma ya koo, vinyama vinaota ndani juu ya virusi ya HPV, aina ya 6 na ya 11, vinaanza na sauti kukauka, vinaongezeka polepole mupaka vinafunga njia ya hewa, na batu banamupa mutoto dawa za asma wakati shida iko ku koo. Nataka mama mwenye anasoma hii ashike: sauti ya mutoto ikikauka na pumuzi yake inaanza kupiga mulio, ao analala vibaya juu ya kukosa hewa, ile si ya kungojea.

Kwa bakubwa vile vile kuko mupaka. Sauti ikikauka na mafua, inarudi mu wiki moja ao mbili. Ikipita wiki 4 lazima munganga aangalie kamba zenyewe, na kwa ile kazi kuko ORL, munganga wa masikio, pua na koo, apana mutu wa farmasi. Ukiona damu, ao chakula inakwama, ao unakonda na kukohoa hakuishe, usingojee ata wiki 4, ukapimwe na kifua kikuu pia maana inashambulia na koo, na dawa zake zinatolewa bule. Najua ORL ni bahaba na ortofonisti, mutu wa kukurudilisha kuongea, ni kama haiko. Njo maana nasema tusingojee mutu aharibike.

Sasa tangawizi, nimeichokoza ku kichwa ya makala lazima nimalizane nayo. Kila kitu unameza kinapita njia ya chakula, na vile unameza kamba za sauti zinafungana juu kisiingie mu mapafu, tone moja tu ikiingia unakohoa mupaka machozi. Maana tangawizi, asali, ndimu, yai mbichi, chumvi, hakuna ata kimoja kinagusa kamba. Vinatuliza koo ya juu, vinakufanya ujisikie muzuri, na sina shida na mutu mwenye anakunywa chai ya tangawizi, mi mwenyewe naipenda. Maji inasaidia, lakini kwa kupitia mwili muzima, unakunywa siku nzima kidogo kidogo, na hapo tunarudi ku shida ingine, Madamu mwenye shule yake haina choo safi ya bamwalimu hatakunywa maji siku nzima. Mufuke ya maji ya moto njo inafika ku kamba yenyewe. Kunong'ona si kupumuzisha sauti, bengine banasukuma zaidi bakinong'ona, muzuri kunyamaza ao kuongea polepole. Na amoksisilini ya farmasi kwa sauti yenye ilikauka na mafua haifanye kitu, ni virusi. Deksa nayo, yenye baimbaji banapenda mbele ya konseri, inatosha uvimbe kwa muda, mutu anaona amepona, anarudi kupaza juu ya kamba zenye zilikuwa zinaomba kupumuzika.

Na ata mashauri ya kweli, maji, kupumuzika, usipaze, yenyewe haitoshe. Mu 2002 batafiti ba Marekani balichukua bamwalimu 44 benye sauti mbaya, bamoja balifundishwa kulinda sauti, bengine balipewa mikro ndogo na bafle ya kuvaa, bengine habakupewa kitu. Kiisha wiki sita bale ba mikro njo balionyesha maendeleo ya kweli. Bale ba mashauri peke yake hapana. Nafikiri kila mwalimu angeweza kuwaambia bila utafiti: unaniambia nisipaze, haya, nani atanisikia?

Hapa njo kuko kichekesho ya muji wetu. Nenda ku soko ya Virunga ao Birere, mutu wa kuuza dawa ya panya iko na megafoni. Amerekodi sauti yake mara moja, anabonyeza, megafoni inaongea siku nzima yeye amekaa anakula muhindi. Muhubiri wa ku rond-point iko na megafoni. Wa kuuza chaja za simu, wa kuuza soksi. Mutu pekee mu Goma mwenye anaongea na batu 90 kwa karibu masaa tano bila chombo ni mwalimu.

Sisemi tununue megafoni tuzigawe kesho. Mu shule ya mbao mikro ya kalasi ya tatu itakuwa makelele ya kalasi ya ine, na kalasi ya ine nayo itaomba yake, na tutakuwa na Lombard ya umeme. Mikro inafaa kwenye ukuta unazuia sauti. Kwa zingine anza na kupunguza makelele: bakubaliane kalasi mbili za pembeni zisiitikie saa moja, mwalimu asiongee akiangalia tablo, ile sauti anaipigia mbao, batoto benye habasikie muzuri na bale ba macho mabaya bakae mbele badala ya batoto ba bazazi benye pesa (hiyo mambo iko, tunaijua), alama ya kunyamaza iwe mukono juu ao kupiga makofi kwa mupango, jimnastiki iwe na firimbi. Mvua ikianza kila mutu anaandika, na inspekta akikuta batoto banaandika aandike muzuri mu ripoti yake.

Na usifikiri ni mambo ya kumuhurumia mwalimu. Mu 2005 batafiti bawili, Rogerson na Dodd, baliwasikilizisha batoto ba shule ya msingi masomo kwa sauti tofauti, sauti safi, sauti yenye iliharibika kidogo, na yenye iliharibika sana. Batoto balielewa vibaya zaidi sauti yenye iliharibika, ata ile ya kidogo. Akili yao inatumika kutafuta maneno, haibakie nguvu ya kushika maana. Na bale balikuwa banasikia luga yao. Bana betu kuanzia kalasi za katikati banafundishwa mu Kifaransa chenye habakisikie nyumbani, mutoto wa nyuma mu dikte ya hesabu anasikia "is", ni six ao ni dix? Anaandika chenye jirani yake ameandika. Anapata sufuri, nyumbani anapigwa, na sisi tunasema haina akili ya hesabu.

Wenye sendika bakiandika madai yao, mushahara iwe ya kwanza, hakuna mutu anabishana. Lakini mustari moja juu ya sauti ingetosha kuanza: nodile itambuliwe kama ugonjwa wa kazi, na mwalimu mwenye ORL alimuandikia kunyamaza asikatwe. Na bale banafundisha bamwalimu ba kesho mu humanite pedagojiki babafundishe na kupumua na kuongea, juu ya kutuma mutoto wa miaka 19 mbele ya batu 90 bila kumuonyesha chombo chake ni kumuharibu.

Nyie bazazi, nyie muko na COPA, komite ya bazazi ya shule. Mwezi wa 9 mutaitwa ku mukutano, mutaambiwa kuko pesa kidogo ya kutengeneza shule, na najua mawazo yenye itatoka, rangi ku ukuta ya mbele, mulango mupya ya bilo. Muulize bei ya plafo. Tripleksi, mikeka, ata magunia yenye imeshonwa muzuri chini ya mabati inakula makelele na inapunguza ile ya mvua. Na wakisema pesa inatosha kalasi moja tu, iwe kalasi ya kwanza, na bilo ya direkta ingoje.